Upupu wa Pugu na Kikao cha Harusi

Ukitoka Mwanza kwenda likizo Dar, usijidanganye kwamba hiyo likizo ni yako. Kabla basi halijafika Chalinze, ukoo umeshakugawa. Jumamosi unalala kwa mjomba Kimara, kesho yake mchana uko kwa shemeji Tandika, na Mbagala kuna msiba wa mtu usiyemjua lakini lazima uonekane. Kila nyumba ni wali, na kila nyumba unaambiwa umekonda.

Mimi nilikuwa nimejitengea jambo moja tu: kutembea msituni. Rafiki yangu wa chuo, mkazi wa Tabata, ndiye aliyenitia hamu. Alisema watu wa Dar wanakimbilia baharini kila wikiendi kana kwamba hakuna kingine, na huku Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi ipo hapo Kisarawe, kama kilomita 30 tu kutoka katikati ya jiji. Kuna njia za kutembea, kuna kima, kuna mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini ambayo siku hizi yana wapangaji wengine, popo, na hao hawadaiwi kodi.

"Halafu Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa anafundisha Pugu mpaka 1955," aliniambia. "Wewe ni nani uogope kutembea Pugu?"

Hoja hiyo sikuielewa, ila sikuweza kuipinga.

Tatizo lilikuwa shangazi yangu wa Ukonga. Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, nyumbani kwake kulikuwa na kikao cha harusi ya binti yake, na jina langu lilishaandikwa kwenye orodha ya wajumbe bila mimi kuulizwa. Nikapiga hesabu: Ukonga iko njiani nikirudi, na saa kumi ya kikao cha harusi ni saa kumi na moja na nusu. Muda upo.

Msitu wenyewe siusemi vibaya hata kidogo. Ukiingia ndani hatua chache honi za malori zinapotea, hewa inapoa, na mabawa ya ndege unayasikia kabla hujawaona ndege wenyewe. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole anayejua kila mti. Alikuwa ametangulia kidogo pale rafiki yangu alipotaka kunipiga picha.

"Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, kwenye hayo majani yanayoning'inia."

Kati ya hayo majani kulikuwa na maganda yenye manyoya laini ya rangi ya dhahabu, mazuri kama mahameli. Upepo wa Julai ukapita. Mwongozaji akageuka, akaniona, akashika kichwa.

"Kaka! Huo upupu!"

Upupu hauna haraka. Unakupa nafasi ya kucheka, hata ya kupiga picha ya pili. Kisha unaanza shingoni, unashuka mgongoni, unapiga kambi katikati, pale ambapo Mungu hakuupa mkono wa binadamu ruhusa ya kufika. Mwongozaji akapiga kelele nisijikune, na maji nisiguse. Rafiki yangu, ambaye hata unywele mmoja wa upupu haukumpata, alisimama mbali akinipa pole na kuendelea kurekodi.

Barabarani mama lishe mmoja alinihurumia, akanipa majivu ya jikoni kwake nijisugue. Nikajipaka mpaka nyusi. Yalisaidia, ila sasa nilifanana na mtu aliyetoka kuagua kijiji kizima.

Mwenye kuijua daladala ya Gongo la Mboto jioni atanielewa nikisema hivi: nilikaa peke yangu kwenye kiti cha watu wawili, na watu wamesimama mpaka mlangoni. Nikampisha mama mmoja mtu mzima. "Asante mwanangu, mimi nashuka hapa," akasema. Hakushuka. Tulipita vituo kadhaa tukitazamana.

Nilifika Ukonga kikao kimeshaanza. Viti vya plastiki chini ya mwembe, soda, daftari la katibu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umepauka hivyo? Huko Mwanza hamna mafuta ya kupaka?"

Kabla sijajibu nilishakalishwa mbele, karibu na mwenyekiti, mzee mnene ndani ya kaunda suti. Walikuwa kwenye ahadi. Kiti changu kilikuwa kinalia kila nikijisugua.

"Mgeni wetu kutoka Mwanza," katibu akaita, "tukuandikie ngapi?"

Nilikuwa nimepanga elfu hamsini. Nikafungua mdomo, upupu ukang'ata, nikakunja uso na kujinyonga kitini.

"Usione haya, kijana," mwenyekiti akanituliza. "Hapa hatudharau cha mtu."

"Nani anaona haya?" shangazi akadakia. "Anaona pesa mnazotaja ni ndogo. Mtoto wa kaka yangu namjua mimi."

"Laki?" katibu akauliza.

Hapo ndipo niligundua kwamba nikitikisa kichwa, kola ya shati inasugua shingo pale penyewe. Raha ya ajabu. Nikatikisa.

"Laki na nusu?"

Nikatikisa tena, kwa nguvu zaidi.

"Laki mbili? Tatu?"

Nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua watu wamesimama, vigelegele vinalia, na mwenyekiti anaamuru nipigiwe makofi ya kilo. Kisha akanivuta kifuani, akanikumbatia vilivyo, akisugua shavu lake kwenye shingo yangu kwa upendo wa kiukoo.

Shangazi ndiye aliyeona vipele. Akanikokota uani, akanivua shati, akaanza kunisugua kwa majivu ya moto huku akinisema: msituni nimefuata nini, nimepoteza ng'ombe? Nami nikiwa na kanga yake kiunoni, nikasikia kikao kimefika kwenye mengineyo. Ghafla kimya. Kisha kiti kikaanza kulia, kiiii, kiiii.

"Mwenyekiti," sauti ya katibu ikasikika, kwa adabu, "naona una jambo. Nikuongezee ngapi?"