Kabla ya ufw, piga ss

Hapa Majengo, Moshi, wapangaji sita tunachangia waifai moja. Nenosiri lake wanalo wote, hadi vijana wanaokuja kwa jirani kuangalia mpira. Kwa hiyo mtu akitamba kwamba anatumia Linux na hana wasiwasi, namuuliza tu: umeshaangalia kompyuta yako inasikiliza poti gani, yaani programu zake zimefungua milango gani ya mtandao?

Amri ya kuorodhesha poti hizo ni fupi: sudo ss -tulpn. Jumamosi niliipiga kwenye laptopu yangu, mstari wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ukasomeka 0.0.0.0:5432. Nilishtuka. Ingekuwa 127.0.0.1, programu ingekuwa inaongea na kompyuta hiyo hiyo basi. 0.0.0.0 inampokea yeyote anayeifikia, kwa mtandao wowote uliounganishwa. Nikakumbuka: Machi niliweka nyota (yaani anwani zote) kwenye listen_addresses ya PostgreSQL, na kwenye pg_hba.conf, faili lake la wanaoruhusiwa kuingia, nikaruhusu mtandao mzima wa nyumbani, ili kompyuta ya pili isome data. Kazi ikaisha, nikasahau.

Wengi watakwambia kwanza washa ufw, ukuta wa kuzuia wanaojaribu kuingia kutoka mtandaoni. Kwenye Ubuntu imo tangu 2008, ila huja imezimwa. Unapiga sudo ufw default deny incoming, halafu sudo ufw enable, tayari. (Kama unaingia kwenye kompyuta hiyo kwa mbali, kwa SSH, ruhusu poti 22 kabla, usije ukajifungia nje. Yamenikuta.) Lakini naona huko ni kuanzia mwisho. Huduma usiyoitumia izime kabisa, usiifunike. Septemba 2024, mtafiti wa usalama Simone Margaritelli alipoanika udhaifu wa CUPS, mfumo wa kuchapisha kwenye Linux, mlango mmojawapo ulikuwa cups-browsed, huduma yake ya kutafuta printa mtandaoni, iliyosikiliza UDP 631 kwenye anwani zote. Mimi printa sina, nachapisha steshenari. Ya nini sasa? sudo systemctl disable --now cups-browsed, yakaisha.

Na ninyi mnaoendesha programu ndani ya kontena za Docker, ufw isiwadanganye. Poti mliyoitoa kwa -p 5432:5432 inaipita kando. Andikeni -p 127.0.0.1:5432:5432.

PostgreSQL nimeirudisha localhost (ile 127.0.0.1), nikafuta ule mstari wa pg_hba.conf, nikaiwasha upya. Kisha nikaazima laptopu ya jirani nijaribu kuingia kutoka kwake. Ikakataliwa. Nikajaribu tena, ikakataliwa tena, nikawa natabasamu peke yangu. Jirani akauliza kama nimemaliza, maana mpira unaanza.