Kupoa Si Kukomaa

"Utapoa tu. Sote tulianza hivyo hivyo."

Maneno haya aliambiwa kijana aliyeokoka hivi karibuni, baada ya kusimama katika kikundi cha maombi na kueleza kwa furaha kwamba sasa anaamka alfajiri kusoma Neno. Aliyemwambia ni mtumishi wa miaka mingi, anayeheshimika, na alisema huku anatabasamu. Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kwa sababu wakubwa wake wamecheka, akakaa. Nilitoka pale na uchungu ambao haujaniisha.

Wapendwa, tumefika mahali ambapo mtu akipoa tunasema amekomaa. Mwongofu akilia kwa toba, tunasema bado ni mchanga. Akiacha kulia, tunasema sasa ametulia, na hakuna anayejisumbua kuuliza kama ametulia au amelala.

Nakubali kwamba bidii ya siku za kwanza huja na papara. Mwongofu mpya huhukumu haraka, hufunga mpaka akaugua, hudhani kila wazo lililomjia usiku ni sauti ya Mungu. Hayo yanahitaji kurekebishwa, na wakubwa katika imani wamewekwa kwa kazi hiyo. Lakini kumrekebisha mtu papara yake ni tofauti kabisa na kumtabiria baridi. Nani alituambia kwamba upendo wa kwanza lazima uishe? Kanisa la Efeso lilisifiwa kwa taabu yake na subira yake, kisha Bwana akalilaumu kwa kuuacha upendo ule. Hakusema ni hali ya kawaida. Alisema tubu.

Tena tunaye Kalebu. Alitumwa na Musa kuipeleleza nchi ya Kanaani akiwa na miaka 40. Miaka 45 baadaye, baada ya kuwaona watu wa kizazi chake wakifa jangwani mmoja baada ya mwingine, anasimama mbele ya Yoshua akiwa na miaka 85 na kusema nipe mlima huu. Mlima wenye Waanaki, watu majitu, na miji yenye maboma! Mzee huyu alikuwa na kila sababu ya kuomba mahali pa kupumzika.

Kinachonitisha zaidi ni habari ya Daudi. Tunaisimulia kama habari ya macho na tamaa, lakini someni inavyoanza: ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, mfalme Daudi akamtuma Yoabu, jemadari wake, yeye mwenyewe akakaa Yerusalemu. Hapo hakuna amri iliyovunjwa. Kuna mtu aliyeshinda vita vingi mpaka akaona vita vya leo wanaweza kwenda wengine. Kisha yakafuata ya Bathsheba, mke wa Uria, ambaye Daudi alilala naye, kisha damu ya Uria mwenyewe. Mpaka nabii Nathani anafika, mtoto wa Bathsheba amekwisha kuzaliwa. Miezi yote hiyo Daudi yumo kitini pake. Anatawala. Anahukumu.

Nathani anapomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, angalieni kinachotokea. Daudi anawaka hasira. Anasema mtu huyo anastahili kufa, na kwamba atalipa mara nne, sawasawa na sheria ya Musa kuhusu kondoo aliyeibwa. Sheria anaikumbuka mpaka hesabu yake! Dhambi ya mwenzake anaiona, inamchukiza, anajua na adhabu yake. Yake mwenyewe haioni mpaka aambiwe, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Ndiyo maana siridhiki tunapojipima kwa mambo tunayoyajua, au kwa jinsi uovu wa wengine unavyotukera. Unaweza kuhubiri vizuri ukiwa umelala. Unaweza kuongoza kwaya, kuketi katika kikao cha wazee na kumtenga mzinzi kwa kufuata taratibu zote, na moyo wako wenyewe hujaupeleka mbele za Mungu kwa miaka. Tusikilize pia shuhuda zetu, sisi tuliokaa sana katika wokovu. Mara nyingi ni mambo ambayo Bwana alitutendea zamani. Mana, chakula walichopewa Israeli jangwani, ilipowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu, ingawa ilitoka mbinguni kweli.

Simsemi aliyefiwa au mgonjwa ambaye maneno ya kuomba yamemkauka. Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo. Anayelia hajalala.

Na baraka zenyewe hulaza. Mwaka 1786, John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akiwa na miaka zaidi ya 80, aliandika kwamba hana hofu ya Wamethodisti kutoweka. Hofu yake ilikuwa wabaki wakiwa na mfano wa dini bila nguvu yake. Alieleza na sababu: imani huzaa bidii ya kazi na kubana matumizi, hayo huzaa mali, na mali huongeza kiburi na kuipenda dunia. Musa alikwisha kuwaonya Israeli hivyo kabla hawajavuka Yordani, kwamba watakapokula na kushiba na kujenga nyumba nzuri, wajihadhari wasimsahau Bwana.

Sasa tufanye nini? Tunaambiwa tujichunguze, na ni agizo la Maandiko. Lakini Daudi hakujiamsha mwenyewe. Alihitaji mtu wa kuingia mlangoni na kumwambia. Wengi wetu, kadiri tunavyopanda katika huduma, tunazungukwa na watu wasioweza kutuambia lolote, na tunaita hiyo heshima.

Mtafute mtu wiki hii. Asiwe anayekuogopa, wala anayetegemea mkono wako. Mpe ruhusa wazi ya kukuuliza unaomba lini ukiwa peke yako, nani hujamsamehe, fedha zako zinakwenda wapi, na ni lini mara ya mwisho Neno lilikuchoma wewe badala ya mtu uliyetamani alisikie. Akikuuliza, mjibu siku hiyo hiyo.