Wiki ya Mtumba Orlando

Nyumbani nilijifunza kuogopa karatasi. Baba aliponunua kiwanja, kabla hajatoa hata shilingi alikwenda kwa mjumbe, kisha akapita kwa majirani wa pande zote nne akiuliza swali lile lile: huyu ndugu kweli ndiye mwenye eneo? Habari za kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili tumekua nazo. Kwa hiyo nilipofika Marekani nikaona kila jambo lina mkataba uliochapwa, lina mthibitishaji wa saini, na hati zinaandikishwa kaunti ambako yeyote anaweza kwenda kuzisoma, nilishusha pumzi. Nilijiambia kwamba huku karatasi ikishakuwa halali huwezi kuumia.

Karatasi yetu ya Orlando, jimbo la Florida, ni halali kabisa. Hakuna aliyetuibia, na ndiyo maana mpaka leo hatujapata pa kwenda kushtaki.

Naongelea taimushea, yaani kununua haki ya kukaa kwenye nyumba ya mapumziko kwa wiki moja kila mwaka, huku wiki zilizobaki zikiwa za watu wengine. Wengine hununua wiki maalumu, wengine pointi wanazotumia kama fedha kuchagua tarehe na mahali. Mwaka 2017 mimi na mume wangu tulipewa tiketi za bustani ya michezo ya watoto, kwa sharti kwamba wote wawili tuhudhurie maelezo ya dakika 90. Tulikaa humo saa tano nzima.

Kijana aliyetuhudumia alikuwa na ujuzi ambao sijausahau. Tulikaa naye ana kwa ana mezani, na kila hesabu aliyotupigia aliiandika kichwa chini kwa upande wake, ili sisi tuisome wima. Hakugeuza karatasi hata mara moja. Alituuliza hoteli tunalipa kiasi gani kwa usiku, akazidisha kwa siku saba, akazidisha kwa miaka thelathini, akazungushia jibu duara. Pembeni aliandika majina ya watoto wetu na kuyapigia mstari. Tulikuwa tumeshakula chai yao. Mtu aliyelelewa kama mimi, akishakula kwa mwenzake na akishaitwa dada, kunyanyuka na kusema hapana ni kazi nzito. Meneja alipokuja na kushusha bei kwa mara ya pili, akasema bei hiyo ni ya leo tu, mimi ndiye niliyechukua kalamu kwanza.

Kuna sababu nyingine pia, na naisema waziwazi kwa sababu najua wengi tunayo. Tulikuwa tumeishi nyumba za kupanga miaka tisa, tumehama mara nne. Yule kijana aliposema tutapata hati yenye majina yetu, masikio yangu yalisikia kiwanja. Nilimwona baba akipita kwa majirani.

Bei ilikuwa dola 22,000. Tulilipa 2,200 papo hapo, na 19,800 tukakopeshwa na kampuni hiyo hiyo kwa riba ya asilimia 17, miaka kumi. Hiyo ni kama dola 344 kila mwezi. Ukijumlisha mpaka mwisho inazidi 43,000, na hapo sijagusa ada ya mwaka ya matunzo, ambayo kwetu ilianza kwenye dola 900 na sasa imepita 1,300.

Safari yetu ya tatu pale, nilikuwa chumba cha kufulia nikisubiri mashine imalize. Akaingia mzee mmoja mstaafu na mkewe, tukaanza kuzungumza. Jengo lao ndilo jengo letu, vyumba viwili kama vyetu, wiki ile ile. Nikamuuliza alinunua lini. Akasema mwaka uliopita, eBay, lile soko la mtandaoni, kwa dola moja. Nilidhani sijamsikia vizuri, nikamwomba arudie. Dola moja, pamoja na gharama za kuhamisha hati ambazo hazikufika 500. Aliyemuuzia alikuwa mjane aliyechoka kulipa ada. Mashine ilimaliza, nguo zikakaa humo humo, nami nimesimama.

Kuanzia siku hiyo nimesoma sana juu ya jambo hili, na msimamo wangu hauyumbi: kama unaipenda taimushea na una hakika utaitumia, inunue mtumba. Sioni sababu ya familia ya mshahara wa saa kuinunua kwa kampuni iliyojenga.

Bei ya kampuni ina mambo mengi ndani yake ambayo si nyumba. Sehemu kubwa inalipia tiketi zile, chai ile, kamisheni ya kijana na meneja wake, matangazo, na faida. Ukishasaini, gharama hizo zimekwisha kuliwa na hakuna atakayekurudishia ukitaka kuuza. Hapa ndipo uzoefu wetu wa nyumbani unapotudanganya. Kiwanja ukikinunua na kukiacha na nyasi zake, miaka kumi mara nyingi unakikuta kimepanda, maana barabara imefika na watu wameongezeka. Wiki ya mapumziko haisubiri barabara. Kampuni ina nyingine nyingi inazouza, na wenye nazo wanaotaka kujitoa ni wengi kuliko wanaotaka kuingia.

Wauzaji watakwambia mtumba una kasoro, na hapo hawasemi uongo wote. Kampuni nyingi huwanyima wanunuzi wa mitumba hadhi za juu na baadhi ya mapendeleo. Mfano ulio wazi ni Disney Vacation Club, mpango wa taimushea wa kampuni ya Disney ulioanza mwaka 1991: aliyenunua pointi za mtumba za hoteli zake za zamani tangu 19 Januari 2019 hawezi kuzitumia kwenye hoteli yake ya Riviera, iliyofunguliwa Desemba mwaka huo. Kampuni hiyo pia ina haki ya kununua kwanza, yaani mkishakubaliana bei na muuzaji, yenyewe inaweza kuingia kati na kuichukua kwa bei hiyo hiyo. Tena mikataba yake ina mwisho, na ile ya mwanzo kabisa inakoma 31 Januari 2042. Mtanzania hatashangaa, kwa sababu nasi hati zetu za ardhi zina miaka, 33 au 66 au 99. Kwa maoni yangu mkataba wenye mwisho ni bora. Unaopaswa kukutisha ni ule usio na mwisho, kwa kuwa ada nayo haina mwisho, na ukifa watoto wanaweza kujikuta wanadaiwa kama hawakuukataa urithi huo mapema na kwa maandishi.

Ndiyo maana hata ile dola moja isikuleweshe. Yule mjane hakuuza kitu cha dola moja. Alimpa mtu mwingine mzigo wa dola elfu moja na zaidi kwa mwaka, unaoongezeka. Kimbunga kikiezua paa, wenye wiki mnaweza kuchangishwa juu ya ada. Kwa hiyo anayenunua mtumba na afanye kama baba: aende kwa majirani. Kaunti itamwonyesha jina lililo kwenye hati. Uongozi wa hoteli aombe barua inayosema hakuna ada inayodaiwa na wiki ya mwaka huu haijatumika. Fedha zishikwe na wakala asiye wa upande wowote hadi hati iandikishwe, zisiende mfukoni kwa muuzaji. Na mkopo asahau, benki hazipendi kukopesha kwa hili, jambo ambalo peke yake lingetosha kutufungua macho.

Upande wa kuuza una mbwa mwitu wake. Nilipotangaza yetu nilipigiwa simu na mtu aliyedai ana mnunuzi tayari, dola 18,000 taslimu, nitume tu 1,500 za kodi na usajili kwanza. Alijua jina la hoteli, alijua hata aina ya chumba. Nilikuwa nimeshafungua programu ya benki kwenye simu mume wangu aliponishika mkono. Serikali ya Marekani ilitangaza vikwazo mwaka 2023 dhidi ya kampuni za Mexico zinazohusishwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco kwa utapeli wa taimushea wa namna hii hii, na wengi wa walioibiwa walikuwa wazee. Atakayekuomba fedha kabla hajakuuzia, kata simu.

Kwa aliyesaini wiki hii, simama hapa. Florida inakupa siku kumi za kughairi, zikihesabiwa tangu uliposaini au ulipopata hati ya mwisho unayostahili kupewa, ipi iliyochelewa. California ni siku saba, Nevada tano. Florida huwezi hata kusaini kuiachia haki hiyo. Sisi maelezo hayo yalikuwemo kwenye bahasha tuliyopewa, ukurasa wa katikati, na bahasha tuliifungua tulipofika nyumbani na kumaliza kufua, siku ya kumi na nne.

Mdogo wangu alinipigia mwezi wa pili kutoka Orlando, sauti yake ina furaha, wamenunua. Nilimuuliza siku ya ngapi. Ya tatu. Tuliandika barua pamoja kwenye simu, sentensi nne tu, namba ya mkataba, majina na saini zao wote wawili, akaituma kwa rejista na kupiga picha risiti. Fedha zao zilirudi. Jana amenitumia tangazo la wiki ya mtumba, dola 300, picha nzuri za bwawa. Nimemwambia amuulize muuzaji ada ya mwaka huu, na ya kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita. Bado tunasubiri jibu.