Kanzu ya Idd na Mkia wa Diwani

Kwa watoto wa Dar es Salaam, Idd Mosi ni ya pilau na kuzungukia majirani kudai mkono wa Idd. Idd Pili lazima upelekwe mahali. Mwaka huu dada yangu alinikabidhi wapwa zangu wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 5, akasema: "Wapeleke wakaone wanyama. Na wewe uwe na akili." Hilo la pili nililisikia, ila sikulitilia maanani.

Nikavaa kanzu yangu nyeupe, ile ya darizi, niliyokuwa nimesalia jana yake, bado inanukia udi. Mtasema nani anavaa kanzu nyeupe kwenda kuangalia wanyama. Mimi. Nilitaka picha na simba, na picha na simba ukiwa umevaa fulana ya mtumba haina heshima.

Bustani yenyewe ni ya mtu binafsi, pembezoni mwa jiji. Sitaitaja, maana nusu ya kosa ni langu na nusu nyingine tumeshasameheana. Kuna kobe, kuna tausi, kuna nyani anayekodolea macho mifuko ya wageni, kuna mamba ambaye ukimwangalia unadhani amekufa tangu uhuru. Nyuma kabisa, chini ya mwembe, ndiyo banda la simba. Dume moja tu. Wanamwita Diwani kwa sababu, alivyotueleza mhudumu, haonekani mara kwa mara, na akionekana amelala.

Banda la waya mzito, limefunikwa mpaka juu. Hatua tatu mbele yake kuna kamba ya katani kwenye vigingi, na kibao kilichoandikwa USIVUKE KAMBA. Jua lilishakula herufi tatu za mwanzo.

Mpwa wangu mkubwa, ambaye simu haimtoki mkononi, alitazama juu kwanza. "Afadhali wamefunika," akasema. "San Francisco mwaka 2007 chui milia aliruka akatoka nje akaua kijana, siku ya Krismasi. Ukuta ulikuwa wa mita 3.8, na ilishauriwa uwe wa mita 5."

"Nani kakuuliza? Mjomba wako mtu wa Rufiji."

Mtu wa Rufiji akitajiwa simba hujaa sifa ambazo si zake. Kwetu, kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jino bovu lililofanya jipu. Babu yangu alilinda mpunga wake akiwa juu ya dungu, na haja ikimbana usiku aliibana na yeye mpaka kuche. Huyo ndiye aliyeishi na simba. Mimi nimezaliwa Temeke, na simba wangu wa kwanza nilimwona Sabasaba, kwenye banda la Maliasili, nikiwa mabegani kwa baba. Lakini damu ni damu, nikajisemea.

Mhudumu, kijana mwenye gambuti, akanisogelea. "Bosi, picha nzuri inapatikana ndani ya kamba. Ya soda tu." Soda yake ilikuwa elfu tano. Nikatoa.

Nisimdhulumu: masharti alinipa. Usimpe simba mgongo. Usichuchumae, ukiwa mfupi anakuona kitoweo. Usikimbie. Vidole usipitishe kwenye waya. Mtoto abaki nje ya kamba, maana vitu vidogo ndivyo vinavyomtia tamaa. Nikawa naitikia kama bwana harusi anayepewa mawaidha, kichwa kinakubali, akili iko kwenye picha.

Nikasimama karibu mita moja na waya. Diwani akafungua jicho, kisha akainuka. Simba wa kwenye televisheni ana ukubwa wa televisheni yako. Huyu alipoinuka niliona banda limekuwa dogo. Akaja mpaka kwenye waya, akanusa, akanusa tena, akanitazama kama mtu anayekumbuka deni. Halafu akanigeuzia mgongo.

"Mnaona?" nikawaambia wapwa zangu. "Sisi tumekatazwa kumpa mgongo, yeye kanipa!" Mkubwa alikuwa anarekodi. Mkia wa Diwani ukapanda, ukasimama wima kama mlingoti wa shule. Nikamsikia mhudumu akisema, "Bosi..."

Msidhani ni kukojoa mnakokujua. Dume la simba likitaka kuweka alama yake halikojoi chini. Hurusha kwa nyuma, kwenda juu, kama mtu anayemwagilia bustani kwa mpira na kidole gumba kimeziba nusu ya tundu. Ulinianzia kifuani, ukapanda kidevuni. Wa moto. Na mimi nilikuwa nimetabasamu kwa ajili ya picha, meno yote nje. Tuishie hapo.

Masharti yote niliyopewa niliyavunja ndani ya sekunde tatu. Nilimpa mgongo, nikakimbia, kamba niliyolipia elfu tano kuivuka ikaninasa miguu, nikaenda chini kwa magoti na viganja. Na Diwani, ambaye mpaka hapo hakuwa na ugomvi na mtu, akageuka na kuruka. Banda zima likalia kama duka la sufuria lililoangukiwa na mnazi. Nilipotazama nyuma, waya ulikuwa umetoa tumbo upande wangu, na kucha zimepenya kwenye matundu pale pale nilipokuwa nimesimama. Nikauona na mlango. Una makomeo mawili: moja lina kufuli, la pili limefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Watu walikuwa wanacheka. Mimi nilicheka siku ya tatu.

"Mjomba," mdogo akauliza, "amekukojolea au amekutemea?"

Mhudumu alinipeleka bombani. "Pole, bosi. Watu wanadhani kamba ile ni ya kucha. Kwa kucha, hatua moja ingetosha. Zile mbili zilizobaki ni za hilo."

"Mbona masharti yako yote yalikuwa ya upande wa mdomo?"

"Nilikuita, 'Bosi!'" Akanusa bega langu, lile ambalo halikulowa. "Na udi huu! Umemletea harufu yako, naye kakupa yake."

Nikamdai elfu tano yangu. Akaenda, akarudi na soda.

Daladala ya kurudi ilikuwa imejaa ki-Idd-Idd, konda anapiga kelele tusogee nyuma. Sikuhitaji kusogea. Watu walisogea wenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani nikapata siti mbili peke yangu.

"Mzee, umebeba nini?" konda akauliza.

"Amekojolewa na simba," akajibu mpwa wangu mdogo, kwa sauti ya watoto.

Kimya. Kisha babu mmoja kule nyuma: "Lini tena? Ngapi ngapi?"

Mtaani kwetu kuna mbwa wa jirani ambaye hajawahi kuniruhusu nipite bila kunibwekea. Siku hiyo aliinua pua, akakunja mkia, akaingia chini ya bajaji iliyoharibika na hakutoka. Dada alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena kidogo: "Watoto waingie."

Baba alikuwa na shida nyingine. Kanzu ni ya kusalia, na sasa imeingia najisi. "Alipolamba mbwa tunaosha mara saba, na moja kwa udongo," akasema. "Simba je?" Akampigia shekhe. Upande wa pili kukawa kimya muda mrefu, mpaka tukagundua kuwa anacheka. Alipopata pumzi akasema ni mkojo kama mkojo mwingine, osheni mpaka harufu iondoke.

Tumeosha mara kumi na moja. Tumeloweka kwa ndimu, kwa magadi, kwa sabuni ya mche. Ipo kambani uani wiki ya tatu sasa. Juzi jirani mwenye kuku alibisha hodi, nikajua amekuja kulalamika. Kumbe tangu tuianike, paka shume aliyekuwa akimmalizia vifaranga hajaonekana tena, na yeye alikuja kuuliza kama tunaweza kuisogeza kidogo, upande wa banda lake.