Kompyuta zahanati sawa, ila nesi ni mmoja

Kila tukisikia kompyuta zinapelekwa zahanati za vijijini mabishano ni yale yale, huyu anasema leteni dawa kwanza, yule anasema bila takwimu za kueleweka hata hizo dawa zitaendelea kuishia njiani. Mi naona wote wana hoja, ila hakuna anayeuliza nani atakaa aingize hizo taarifa.

Juzi nimempeleka bibi yangu kliniki ya presha, zahanati nzima nesi mmoja. Kamwandika kwenye kitabu cha MTUHA, yale madaftari ya serikali ya kuandikia taarifa za wagonjwa, afu kageukia kompyuta kuingiza yale yale, jina, umri, kijiji, mtandao ukakata katikati ikabidi aanze upya, na huku nje foleni ya kina mama wenye watoto mgongoni imefika kwenye mwembe. Yaani kazi moja anaifanya mara mbili kwa mshahara ule ule. Akiamua mengine ajaze jioni kwa kukumbuka utamlaumu? Na hizo ndo takwimu zitakazotumika kuipangia zahanati dawa.

Lakini karatasi nazo zinatuumiza jamani. Daftari la bibi lililowa mvua mwaka jana, vipimo vyake vyote vya presha vikawa wino umesambaa tu, daktari akaanza moja. Mfumo kama GoT-HoMIS, ule wa kompyuta wa serikali ya Tanzania wa kuendeshea hospitali na zahanati, ukifanya kazi vizuri historia ya mgonjwa inabaki, unalipa kwa control number, yaani namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hela haishikwi mkononi, na dawa ikitoka stoo inaonekana imeenda kwa nani. Hilo siyo dogo kabisa.

Afu angalia m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura iliyozinduliwa kitaifa 2022. Mjamzito akipata dharura mnapiga 115 bure, wanatafuta ambulensi, ikikosekana wanampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Haijamwongezea nesi kitabu kingine, imempunguzia kuhangaika kutafuta gari usiku, ndo maana mi naiamini kuliko kompyuta iliyowekwa mezani ikaachwa hapo.

Kwa hiyo mi siyo mpinzani wa kompyuta, zije tu, ila zije na sola yenye betri ya kueleweka na mtu wa kuingiza data hata kama ni kijana wa pale pale kijijini aliyemaliza form four, na mfumo ukishatulia yale madaftari ya MTUHA yaondolewe, nesi arudishiwe muda wa kumwangalia mgonjwa usoni.