Usiku Hauna Mwamba

Nikiwaambia watu kwamba safari yangu ya jahazi kutoka Lamu hadi Pemba iliishia kwa kuvuka bahari kuu usiku kucha, hunitazama kama mtu aliyeponea chupuchupu. Nawaelewa. Kwetu mwambao usiku na bahari havikai pamoja vizuri kinywani tangu MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikaondoka na mamia ya watu. Lakini meli ile ilikuwa imejazwa kupita kiasi, na chombo kilichojazwa hivyo kingeweza kuzama hata jua la saa sita. Tumeutwisha usiku mzigo usio wake.

Mimi nimerudi na maoni yangu: katika siku zetu 11 baharini, usiku ule ndio uliokuwa salama kuliko zote. Hatari tuliikuta asubuhi, nchi kavu tumeshaiona.

Lilikuwa jahazi jipya lililoundwa Matondoni, kijiji cha Lamu, linapelekwa kwa tajiri wake mjini Wete, Pemba. Nahodha, mabaharia wanne, na mimi niliyepata nafasi kwa udugu wa mbali. Chombo kipya huvuja mpaka mbao zishibe maji, kwa hiyo siku za mwanzo kazi ilikuwa kufua maji ngamani, chini kabisa ya chombo, na Malindi tukakaa siku 4 kutia upya kalafati, pamba ya kuziba nyufa za mbao. Kaskazi ilikuwa nzuri, ingetufikisha Mombasa upesi, lakini kila jioni nahodha alitafuta pa kutia nanga. Nikajua ni mtu asiyependa giza.

Mombasa akakaa tena, akingoja mwezi upevuke. Nikadhani anataka mwanga. Kumbe alikuwa akingoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, jioni na alfajiri, na hupwa mnamo saa nne au tano. Ukitoka Bandari ya Kale jioni maji yanapoanza kupwa, yanakusaidia kutoka nje. Asubuhi ukifika Pemba, ambako tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4, unaikuta miamba imetoa vichwa, unaiona.

Kutoka Mombasa hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni kama kilomita 90 kwenda kusini, saa 12 au 13 kwa tanga. Anayeng'oa nanga alfajiri kwa kuogopa usiku atafika magharibi, giza likiingia, mbele yake ukuta wa matumbawe usio na taa. Huyo ndiye jasiri, si sisi.

Tulitoka kwa mashine mpaka tukaupita mwamba, kisha tanga likatwekwa. Saa ya kwanza ilikuwa giza tupu, kwani mwezi 16 huchelewa. Ulipochomoza kushoto kwetu, nahodha akanionyesha namba ya kushika kwenye dira, akamwambia baharia mmoja anichunge, akaenda zake tezi, nyuma ya chombo, akalala. Akalala! Nilikasirika. Chini yetu mamia ya mita za maji, mkondo unatusukuma kurudi kaskazini, meli za mizigo zinakata njia kuelekea bandari ya Kilindini, na mwenye chombo anakoroma. Meli zile ndizo pekee zilizostahili kuogopwa, maana jahazi la mbao kwenye rada zao ni kama halipo. Tuliwasha taa mbili na kila mwenye zamu alitazama pande zote. Kwa mengine, nitasema kweli, ilikuwa kazi ya kuchosha. Nilitapika mara mbili, nikanywa chai ya tangawizi, nikashika sukani tena.

Kulipopambazuka tuliuona mnara wa taa wa Kigomasha, na baada yake visiwa vya upande wa magharibi: Njao, kisha Fundo. Wete iko nyuma yao, na milango ya kuingilia ni mapengo baina ya visiwa. Hapo nahodha akaamka, akatawadha, akasali, kisha akaamuru tanga literemshwe. Tukabaki nje ya mlango tukienda na kurudi polepole kwa mashine.

Baharia mdogo hakuelewa. Alikuwa na ramani kwenye simu.

"Ami, mlango si huu hapa? Nusu saa tumefika."

"Hiyo simu yako imeuona mwamba, mwanangu?"

"Imechora."

"Basi ngoja na mimi niuone."

Sisemi simu ni mbaya, usiku kucha ilitusaidia. Lakini kosa la mita 30 kilindini si kitu, na mlangoni ni mbavu za chombo. Tena tulikuwa tunaingia kutoka magharibi, jua la asubuhi likitupiga machoni, maji yote mbele yanameta kama bati jipya. Fungu la mchanga na kilindi vilikuwa rangi moja. Ilibidi jua lipande ndipo maji yagawanyike: buluu, kijani, kahawia.

Saa 4 nzima tulikaa pale. Naona aibu kusema kwamba mimi, niliyekasirika usiku kwa sababu nahodha amelala, asubuhi nilikasirika kwa sababu haendi. Minazi naiona, moshi wa majiko nauona, na moyoni nimeshashuka na kuoga maji baridi. Mtu akifikia hapo hafai kuulizwa njia. Ndipo nilipoelewa usingizi wa yule mzee. Alikuwa ameyaweka akiba macho yake kwa ajili ya saa hizi, na sisi wengine wenye macho mekundu tungekivunja chombo mlangoni.

Tuliingia saa nne na nusu, baharia mmoja amepanda mlingotini akielekeza kwa mkono. Upande wa kulia, mahali ambapo alfajiri palikuwa maji matupu, alisimama mzee mmoja na mchokoo wake, maji yamemfika magotini, akichokoa pweza. Nahodha akamtolea salamu. Yule akaitikia bila kuinua kichwa.