Niiteni Mwenye Nyumba, Ila Msije Kunikopa

Tangu habari zienee kwamba nina nyumba ya kupangisha, watu wamebadilika. Shemeji aliyeninunia miaka yote siku hizi ananiita "bosi". Binamu yangu ameleta wazo la biashara ambalo yeye atatoa wazo na mimi nitoe mtaji. Wote wamepiga hesabu moja: pango la mwezi zidisha mara 12, basi huyu bwana anaogelea kwenye hela. Hesabu nzuri sana hiyo, hata mimi naipenda. Tatizo nyumba yenyewe haijaisoma.

Hebu tuipige upya, polepole, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka una miezi 12, sawa. Lakini mpangaji hahami Ijumaa mwenzake akaingia Jumamosi. Hapo katikati kuna kupaka rangi, kusafisha, kutangaza, na kuwatembeza watu wanaokuja kukagua vyumba kama wako makumbusho, wanauliza kila kitu, wanasifia madirisha, kisha hawapokei simu tena. Nyumba ikikaa mwezi mmoja tu bila mtu, asilimia 8 na ushei ya mapato ya mwaka imeshayeyuka. Nikawaeleza watu wa benki walionikopesha kuinunua kwamba jamani, nyumba ni tupu. Wakanipa pole ya dhati kabisa, halafu wakakata rejesho lao.

Wazoefu wa kazi hii wana kanuni: katika kila 100 ya pango, 50 usiiite yako. Itakwenda kwenye matengenezo, bima, kodi za serikali, miezi mitupu, na msimamizi kama umemweka. Na hapo rejesho la mkopo bado halijaguswa! Ni kanuni ya kukadiria tu, si sheria, lakini nyumba yangu inaifuata kwa uaminifu kuliko wapangaji wanavyoufuata mkataba. Wana kanuni nyingine pia, kwamba pango la mwezi lisipungue asilimia 1 ya bei uliyonunulia. Yaani nyumba ya 100,000 ikuletee 1,000 kila mwezi. Ukiizungukia nyumba ya namna hiyo siku hizi, dalali atakwambia ipo, tena iko pazuri, ila haina paa.

Mkopo nao, uacheni kama ulivyo. Chukua mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 7. Katika rejesho la kwanza kabisa, karibu asilimia 88 ni riba. Kilichobaki ndicho kinachokwenda kupunguza deni. Unalipa, unalipa, unafungua taarifa ya mkopo kwa matumaini, deni linakutazama machoni, halijakonda hata shavu.

Sasa njoo kwa mafundi. Koki inavuja. Koki hazivuji saa nne asubuhi siku ya kazi, koki huvuja usiku wa sikukuu. Mpangaji anapiga simu: "Samahani mzee, sikutaka kukusumbua, ila maji yameshafika sebuleni." Angetaka kunisumbua ingekuwaje? Fundi bomba anakuja, anainama, anaitazama kazi ya fundi aliyemtangulia, anatikisa kichwa, anauliza, "Mzee, nani alikufanyia hivi?" Mafundi wote wa dunia hii nadhani wamesoma darasa moja. Nimejifunza kuogopa kile kichwa. Kikitikiswa mara ya pili, bei imeshapanda. Na yule atakayekuja baada yake atatikisa chake.

Wala si koki peke yake. Paa linazeeka, kitasa kinazeeka, hita ya maji ukiipata miaka kumi ishukuru. Ndiyo maana wanasema kila mwezi tenga fungu la vitu vikubwa, hata kama hakuna kilichoharibika. Mimi nimelitenga. Mama watoto ameliona. Sasa tunalilinda kwa zamu, kila mmoja akimlinda mwenzake.

Kumpata mpangaji nako ni elimu. Unataka kujua tabia ya mtu, unampigia mwenye nyumba anakoishi sasa. Anamsifia: kijana mtaratibu, analipa kwa wakati, hana makelele. Subirini kwanza. Huyo mwenye nyumba huenda anamwombea mchana na usiku ahame! Akimponda, si atabaki naye? Ukitaka ukweli mtafute mwenye nyumba wa kabla ya huyo, ambaye hana tena cha kupoteza. Mmoja niliyempigia, nilipomtajia jina la mpangaji tu, alicheka. Sikuuliza zaidi.

Halafu kuna amana, zile fedha anazoweka mpangaji siku ya kuingia. Ziko kwenye akaunti, nyingi, nzuri, na si zangu. Akiondoka na kila kitu kiko salama, zinaondoka naye. Kama kuna uharibifu unakata, lakini uchakavu wa kawaida haukatiwi. Rangi iliyopauka kwa jua ni uchakavu. Mlango wenye tundu la ukubwa wa goti ni uharibifu, ingawa mpangaji atakwambia ulikuwa hivyo tangu anaingia. Dawa yake ni picha za kila chumba siku ya makabidhiano, na orodha mnayotia sahihi wote wawili. Mimi napiga picha mpaka nyuma ya choo. Simu yangu haina nafasi ya picha za watoto.

Na ole wako ujione una nyumba. Mkataba, niliouandaa mwenyewe na kuusaini kwa mbwembwe, unanizuia kuingia bila taarifa. Nikifika namkuta binti wa mpangaji mlangoni: "Shikamoo babu. Baba anauliza kama una miadi." Babu! Nimesimama nje ya mlango ninaoulipia, nautafuta ujumbe wa miadi kwenye simu.

Mwisho wa mwaka mhasibu ananiambia hongera, mwaka huu una faida. Nikamwuliza iko wapi nikaisalimie. Akanieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba, kwamba ile sehemu ya rejesho inayopunguza deni haihesabiwi kuwa gharama. Kwenye karatasi, hiyo ni hela niliyoipata. Basi nalipia kodi hela iliyopita mikononi mwangu ikiwa mbioni kwenda benki, tena bila hata kunipungia mkono.

Mama watoto akasema kama ni mateso kiasi hicho, tuiuze. Tuiuze? Na huyu mpangaji wa sasa analipa kabla ya tarehe, na kitasa kilipolegea alikikaza mwenyewe? Wanawake nao! Mimi nalalamika tu, hakuna aliyesema kuuza. Tena nyumba iliyo jirani nayo imetangazwa kuuzwa wiki hii, nikapita kuiangalia, kuuliza bei si kununua. Paa lipo. Dalali ameniita bosi.